Nani Alichochea Mbiru?

Kule Chome, baridi ya Shengena ikishuka jioni, "chochea" ni neno la jikoni tu. Kuni zinasukumwa ndani ya mafiga, moto unawaka. Mahakamani neno hilohilo linaweza kukupeleka jela. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika Septemba 1945, inamtia hatiani anayemshawishi mwenzake atende kosa, hata kama mwenzake hakulitenda. Maneno yanatosha.

Mwaka huohuo wa 1945 Same ilikuwa imejaa Wapare. Maelfu walishuka milimani, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya na kukaa huko miezi. Walikuwa wanaikataa mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Kumbe mbiru lilikuwa jina la ushuru wa zamani wa wafumwa, na walioibuni kodi mpya walidhani jina la nyumbani litailainisha. Wapi! Mkulima aliona karani anahesabu migomba na mbuzi wake, kisha anatajiwa kiwango asichoelewa kimetoka wapi.

Paulo Mashambo ndiye anayetajwa zaidi kati ya viongozi wao. Kwa mizani ya sheria kesi ni rahisi: kutolipa kodi ni kosa, na anayewaambia watu wasilipe amewachochea. Ila ukimsoma Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima kuhusu mbiru, unaona kwamba ugomvi haukuwa na kodi kwa jumla. Ulikuwa na namna hii ya kukadiria, na machifu walioikubali bila kuwauliza watu. Mimi nadhani hapo ndipo sheria inapokosa jicho. Inamwona aliyesukuma kuni, haiulizi nani alizikausha.

Halafu wakaja wanawake. Mwaka 1946, huko Usangi, mamia walimwendea mkuu wa wilaya. Waume zao walikuwa wamekaa Same muda mrefu, mashamba yamebaki mikononi mwao. Inasimuliwa walimtaka aumalize mgogoro ili waume warudi, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe, wote. (Jaribu kuliandikia hilo hati ya mashtaka.)

Haukupita muda mrefu mbiru ikafutwa. Wanaume wakarudi milimani, kila mtu na migomba yake.