Kiharusi nchini Tanzania

Kiharusi nchini Tanzania ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo na ulemavu wa watu wazima. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka. Watu wengi huuita ugonjwa huu "kupooza", ingawa kupooza ni dalili tu na huweza kuletwa na magonjwa mengine. Hatari ya kupata kiharusi na huduma anayopewa mgonjwa hutofautiana sana kati ya eneo moja na lingine.

Takwimu

Daftari za hospitali hazitoshi kuonyesha tofauti hizo, kwa kuwa wagonjwa wengi hufia nyumbani. Kwa sababu hiyo, kati ya miaka 1992 na 1995 vifo vilifuatiliwa kaya kwa kaya katika maeneo matatu: sehemu za Dar es Salaam, wilaya ya Hai (mkoa wa Kilimanjaro) na Morogoro Vijijini. Kwa kila wanaume 100,000 wa umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka 65 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro Vijijini. Kwa wanawake idadi zilikuwa 88, 33 na 27. Katika Uingereza na Wales mwaka 1993 zilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake, kwa hiyo hata eneo lililokuwa na nafuu kuliko yote nchini lilizidi mara tatu.

Utafiti mwingine, wa 2003 hadi 2006, ulihesabu wagonjwa wapya badala ya vifo. Hai ilikuwa na wagonjwa 94.5 na Dar es Salaam 107.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mtu akiishia hapo atadhani mji na kijiji vinakaribiana. Lakini Dar es Salaam imejaa vijana, na Hai ina wazee wengi, nao wazee ndio hushambuliwa zaidi. Hesabu iliporekebishwa kana kwamba maeneo yote mawili yana watu wa umri uleule, Hai ilifikia 108.6 na Dar es Salaam 315.9, yaani karibu mara tatu.

Visababishi

Chanzo kikuu ni shinikizo la damu (presha). Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu Ilala na Hai ulionyesha kwamba kati ya watu wenye presha, chini ya 20% walijua kuwa wanayo, takriban 10% walikuwa wakitibiwa, na chini ya 1% ndio ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Presha kwa kawaida haiumi, hivyo asiyepimwa hawezi kuijua. Sababu nyingine zilizothibitishwa Hai na Dar es Salaam ni uvutaji wa sigara, ugonjwa wa moyo na maambukizi ya VVU.

Imani za watu nazo zilipishana, tena kinyume cha matarajio ya wengi. Katika Dar es Salaam wengi walikihusisha kiharusi na mashetani au uchawi, na mgonjwa aliweza kuanzia kwa mganga. Huko Hai watu walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi.

Huduma

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo (CT-Scan) kuhakikisha kwamba mshipa haujapasuka. Kumpa dawa hiyo mwenye mshipa uliopasuka ni kumwangamiza. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa karibu zote katika hospitali kubwa za miji kama Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Baada ya mwaka 2021 serikali ilianza kuzipeleka katika hospitali za rufaa za mikoa.

Mkoa wa Singida haukuwamo katika tafiti zilizotajwa, lakini unaonyesha vizuri suala la umbali. Mkazi wa Mungaa, wilaya ya Ikungi, ana Hospitali ya Makiungu ya Kanisa Katoliki karibu naye, jambo ambalo vijiji vingi havina. Akihitaji hospitali kubwa zaidi huenda Singida mjini, au Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, takriban kilometa 240 kutoka Singida mjini. Aliyeamka asubuhi mdomo umepinda, familia ikasubiri hadi jioni kuona kama atapata nafuu, amekwisha kupitwa na saa hizo kabla ya gari kupatikana.

Hata hivyo kazi kubwa haihitaji mashine: kupima presha na sukari, kuhakikisha mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kulishwa, kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda, na kuanza mazoezi ya viungo mapema. Mengi ya hayo huendelezwa nyumbani na mke, binti au mkwe, mara nyingi bila kufundishwa na mtu. Kati ya wagonjwa waliofuatiliwa Hai, karibu robo walifariki ndani ya siku 28, na baada ya miaka mitatu waliofariki walifikia asilimia 60. Wengi wao, basi, walikuwa wamevuka mwezi ule wa kwanza.