Istilahi: Stempu ya Ukumbusho

Mpakani Vurra, kusini mwa Arua, anayevuka kwenda Kongo hugongewa muhuri kwenye pasipoti. Muhuri hugongwa, stempu hubandikwa. Muhuri huthibitisha, stempu hulipia barua. Tuyatenganishe maneno haya mawili mapema.

Stempu ya kawaida huchapwa miaka nenda miaka rudi. Ya ukumbusho huchapwa kwa ajili ya tukio, mtu au kazi fulani, na ikiisha imeisha. Wapo wanaoiita "stempu ya kumbukumbu". Sikubaliani nao: kumbukumbu ni kilichohifadhiwa, ukumbusho ni kinachomkumbusha mtu, na stempu hii imetumwa kukumbusha.

Mwaka 1957 Umoja wa Mataifa ulitoa mbili, ya senti 3 na ya senti 8, kwa heshima ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Picha ni ya puto la kupimia hewa. Puto la namna hiyo hujazwa hidrojeni au heliamu, likaning'iniza kifaa chepesi kinachopima joto, unyevu na kanieneo, kikituma vipimo kwa redio mpaka puto lipasuke, mara nyingi kwenye kimo cha kilomita 30 hivi.

Hivyo vipimo ndivyo hali ya hewa hasa. Tatizo ni kwamba neno hilo tumelibebesha mizigo mitatu. Mkulima wa Vurra akiuliza kama jioni itanyesha, anauliza hali ya hewa. Kwamba mvua zake huanza Machi au Aprili na kupungua baada ya Novemba, hiyo ni tabianchi, ambayo wataalamu huikadiria kwa wastani wa miaka 30. Na anayesoma kipimamvua saa tatu asubuhi na kuandika milimita daftarini, huyo yumo katika metorolojia, yaani sayansi yenyewe. "Utabiri" ni tawi lake moja tu, tena neno lenyewe linanukia ramli.

Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, posta na idara ya hali ya hewa zote zilikuwa za pamoja kwa Uganda, Kenya na Tanzania. Leo kila nchi ina zake. Posta ya Uganda ikitaka kuchapa stempu ya namna hii, tarehe ipo: 23 Machi, Siku ya Hali ya Hewa Duniani. Chini ya picha waandike "metorolojia", wasiandike "utabiri".