Maudhi ya mtaani: lipi la sheha, lipi la polisi?

Muziki wa usiku kucha, taka mlangoni kwa jirani, matusi kwa wapita njia: haya ni maudhi, na Mtume (S.A.W.) amekataza kumuudhi jirani. Kwanza tumwendee mhusika au mzazi wake kwa faragha, tukimsitiri. Asipoacha, tumpelekee sheha. Sheria ya Tawala za Mikoa Zanzibar ya mwaka 1998 ilimpa sheha kazi ya kupokea na kusuluhisha migogoro ya kijamii na kifamilia. Suala la taka lifike pia Baraza la Manispaa au la Mji.

Lakini sitara ina mpaka. Udhalilishaji wa mtoto hausuluhishwi barazani. Twende polisi siku hiyo hiyo. Anayeificha dhulma hiyo amemsitiri dhalimu, akamwacha mtoto. Wallahu a'lam.