Layla Murad na Gharama ya Uvumi

Layla Murad alizaliwa Misri mwaka 1918 katika familia ya Kiyahudi iliyozama katika muziki. Baba yake, Zaki Murad, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa zama zake. Kaka yake, Munir, baadaye alipata jina kama mtunzi. Mwaka 1938 Layla aliigiza pamoja na Mohammed Abdel Wahab katika filamu ya Yahya al-Hubb, na tangu hapo sinema ikawa jukwaa lake kuu.

Mwongozaji Togo Mizrahi alimkuza kwa filamu zilizobeba jina lake mwenyewe: Layla Bint al-Rif (1941), Layla (1942) na Layla fi al-Zalam (1944). Mhusika aliitwa Layla, na mwimbaji aliitwa Layla. Mtazamaji hakuona haja ya kuwatenganisha. Mwaka 1945 aliolewa na Anwar Wagdi, mwigizaji na mwongozaji, na baadaye akasilimu. Filamu yao ya Ghazal al-Banat (1949) ingali inahesabiwa miongoni mwa johari za sinema ya Kimisri. Filamu kama hizo, pamoja na okestra zake, zilivuka bahari hadi Zanzibar na kuacha alama katika taarabu.

Mwaka 1952, baada ya mapinduzi ya Julai, ulizuka uvumi kwamba Layla amezuru Israeli na kuichangia fedha. Syria ilipiga marufuku nyimbo zake. Mamlaka za Misri zilichunguza, zikamwona hana hatia. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkasa huu waonyesha ukatili uliofichika katika hekima hiyo: neno lisilokuwepo lilimlazimu mtu kuthibitisha uzalendo wake. Na kwa kuwa umma ulikwisha kuunganisha jina, sauti na uso wake, hapakuwa na mhusika wa kujificha nyuma yake.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1955, naye akiwa hajatimiza miaka arobaini. Ndoa, uzazi na mabadiliko ya soko la filamu huenda vilichangia. Si haki kuutwisha uvumi mzigo wote. Hata hivyo, alipofariki Cairo tarehe 21 Novemba 1995, alikuwa ameishi mbali na kamera kwa miaka arobaini, zaidi ya mara mbili ya muda aliouishi mbele yake. Katika miaka yote hiyo redio za Kiarabu ziliendelea kumwimbisha.