Sungura anayenyonyoka manyoya: aliyonifunza Pamba wa Kisumu

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kisumu akiwa na hofu. "Mjomba, Pamba ananyonyoka. Atabaki uchi?" Pamba ni sungura wake mweupe, na nyumba nzima ilikuwa imejaa manyoya: kwenye makochi, kwenye mazulia, hadi kwenye sahani ya pilau. Dada yangu alikuwa ameshatishia kumtoa nje.

Ningecheka, lakini kabla ya Pamba palikuwa na sungura mwingine, na yule alikufa kwa ushauri wangu. Alikuwa ananyonyoka vivyo hivyo. Jioni moja ya Ijumaa akagoma kula. Mimi, niliyekuwa nimesoma mahali fulani kuwa maji ya nanasi huyeyusha nywele tumboni, nikawaambia wamnyweshe wasubiri. Jumapili asubuhi alikuwa mkavu. Daktari wa mifugo alipompasua alikuta tumbo limeshikana donge la nywele na chakula kilichokauka. Tangu siku hiyo nikaamua kuuliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sungura hujilamba kama paka, ila paka akimeza nywele huzitapika. Sungura hawezi kutapika kabisa, hivyo kinachoingia hakina njia ila ya kushuka. Na daktari alinieleza jambo ambalo sikulitarajia: nywele zenyewe si muuaji. Kila sungura humeza nywele kila siku na zikatoka salama. Balaa huja pale tumbo linapopunguza mwendo, kwa kukosa nyasi, kwa kukosa maji, kwa joto au kwa maumivu. Hapo nywele hukwama, maji hunyonywa, na donge hukauka. Sungura wetu wa kwanza alikuwa akila kabichi, mkate na mabaki ya chapati. Nanasi haliyeyushi nywele, na sukari yake humzidishia mgonjwa shida.

Kwa hivyo kinga ya kwanza iko kwenye chakula kabla ya kitana. Chakula chake kikubwa kiwe nyasi kavu, awe nazo mchana na usiku. Kisumu nyasi za Rhodes huuzwa kwa marobota, na robota moja humtosha sungura mmoja kwa muda mrefu likiwekwa pakavu. Maji yawe kwenye bakuli zito asiloweza kulipindua. Mboga za majani apewe kidogo, mkate asipewe.

Sasa kuchana. Vitabu vingi vinavyotoka Ulaya husema sungura hubadilisha manyoya majira ya kuchipua na ya kupukutika majani, kwa sababu mwili wake hufuata urefu wa mchana. Lakini Kisumu iko kusini mwa ikweta kwa kilomita kumi hivi tu. Huko mchana wa Juni na wa Desemba haupishani kwa kitu cha kuhesabu. Ukingoja majira hayo ukiwa kando ya ziwa utangoja sana. Pamba na nduguye wa tumbo moja, walio banda moja na chakula kimoja, walinyonyoka kila mmoja kwa mwezi wake. Basi tazama mnyama, usitazame kalenda. Mpapase kila siku. Manyoya yakianza kubaki mkononi kwa vishungi, au ukiona mstari mgongoni ambapo mapya yanasukuma ya zamani, zamu yake imefika. Siku za kawaida kumchana mara moja kwa wiki kunatosha. Akiwa ananyonyoka, mchane kila siku, dakika kumi tu.

Mpwa wangu huketi sakafuni, hutandika leso mapajani na kumweka Pamba juu yake. Sakafuni, kwa sababu sungura akiruka kutoka mezani anaweza kuvunjika, na hata teke lake mwenyewe akishikwa vibaya humvunja uti wa mgongo. Makalio yashikiliwe wakati wote. Masikio si mpini. Wala usimlaze chali ukadhani ametulia kwa raha. Ile ni hofu iliyomgandisha.

Burashi laini ya nywele za mtoto mchanga inafaa kuliko ile ya waya ya mbwa, maana ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika upesi. Fuata manyoya yanakolala, anzia mabegani kwenda nyuma. Kisha lowesha viganja kwa maji kidogo na umpapase. Manyoya mengi yaliyolegea hunata mikononi. Kishungi kisichotoka usikivute. Walio na sungura wa Angora, wenye manyoya marefu, wana kazi kubwa zaidi: huchanwa mwaka mzima na kupunguzwa kwa mkasi, na mkasi upite mbali na ngozi, kwani ukivuta nywele ngozi huinuka nazo.

Usimwogeshe. Najua sisi watu wa pwani tunapenda kila kitu kipite majini, lakini sungura akitoswa hushtuka kiasi cha kufa, na manyoya yake huchukua saa nyingi kukauka. Akijichafua nyuma, osha hapo tu kwa maji ya uvuguvugu na ukaushe vizuri. Pale pasipuuzwe hasa wakati wa mvua. Nzi hutaga kwenye manyoya machafu yenye unyevu, na ndani ya siku moja unaweza kukuta funza wanamla akiwa hai. Mpwa wangu humkagua asubuhi na jioni.

Joto nalo ni adui. Sungura hatoi jasho; hupunguza joto kwa masikio, na mchana ukifikia nyuzi 30 huanza kuteseka. Banda liwe kivulini panapopita upepo, na mchana mkali awekewe chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa, aegemee. Sisi wa Mombasa, wenye joto zaidi ya Kisumu, tuzingatie zaidi.

Kunyonyoka kwa kawaida huacha manyoya mapya chini. Ukiona ngozi tupu, vidonda, au magamba masikioni, puani na miguuni, huo ni ukurutu wa wadudu, na unahitaji daktari. Dukani pa agroveti unaweza kupewa dawa ya viroboto vya mbwa. Soma jina kwanza: yenye fipronili ni sumu kwa sungura.

Na kila asubuhi tazama vinyesi. Vikiwa vikubwa, vya duara na vikavu, tumbo linakwenda. Vikiunganishwa na nywele kama shanga kwenye uzi, ongeza nyasi, maji na kuchana. Vikiwa vidogo au havipo, na mnyama hajala kwa nusu siku, usingoje kesho wala usinipigie mimi. Mpeleke kwa daktari.

Mashemeji huko Kisumu bado huuliza Pamba ataliwa lini. Ni halali, sikatai, ila mpwa wangu hasikii. Kila asubuhi hunitumia picha ya vinyesi kwa WhatsApp, na mimi huzikagua kabla ya chai.