Kompresheni ndogo Arusha si lazima iwe injini mbovu

WAPO wamiliki wa magari ambao, wakihamia Arusha kutoka Dar es Salaam, huona gari limepungua nguvu. Fundi hupima injini, hukuta kipimo kiko chini ya kilichoandikwa kitabuni, kisha hushauri injini ishushwe na ringi za pistoni zibadilishwe. Kabla ya kuingia gharama hiyo, ni vema kufahamu maana ya kipimo chenyewe.

Kompresheni ni kubanwa kwa hewa ndani ya silinda wakati pistoni inapopanda. Hewa ikibanwa zaidi, mafuta yale yale hutoa nguvu zaidi. Injini nyingi za petroli hubana hewa kati ya mara 8 na 12. Za dizeli hubana zaidi, kwa kawaida kati ya mara 15 na 23, kwa kuwa hazina plagi za cheche. Joto la hewa iliyobanwa ndilo linalowasha mafuta.

Uwiano huo haubadiliki gari linapopanda mlima. Kinachobadilika ni hewa inayoingia. Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Hivyo injini nzima inayosoma baa 12 Dar es Salaam itasoma takriban baa 10 Arusha. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, upungufu hukaribia robo. Ndiyo maana magari ya watalii yasiyo na tabo huhema katika mwinuko ule. Yenye tabo huathirika kidogo, kwani hewa husukumwa kuingia kwenye silinda.

Je, mmiliki atajuaje kama injini yake imechoka kweli? Kwanza, silinda zote zipimwe, injini ikiwa na joto na betri ikiwa na nguvu, kisha zilinganishwe. Zikikaribiana, upungufu mdogo huenda ni wa mwinuko tu. Ikiwa moja iko chini ya robo tatu ya ile iliyo juu kuliko zote, pana hitilafu.

Pili, kwa injini ya petroli, fundi atie kijiko cha oili katika silinda dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, zishukiwe valvu au gasketi ya silinda hedi.

Dalili nyingine ni moshi wa bluu, oili kupungua, na dizeli kugoma kuwaka asubuhi za baridi za Juni na Julai.

Barabara za vumbi kuzunguka Meru nazo ni adui: vumbi likipenya chujio la hewa husaga ringi. Chujio ni rahisi; kushusha injini ni ghali.