Groningen: Gesi iliyoitajirisha Uholanzi na kuzitikisa nyumba za wakulima

MKOA wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, ndiko lilikogunduliwa mwaka 1959 hodhi kubwa kuliko yote ya gesi asilia barani Ulaya, katika shamba karibu na kijiji cha Slochteren.

Aliyechimba kisima hicho ni NAM, kampuni iliyoundwa mwaka 1947 na Shell pamoja na Esso ya Marekani. Gesi ilikutwa katika mwamba wa mchanga, kina cha takriban kilometa tatu. Baadaye ilibainika kuwa hodhi hilo lina mita za ujazo trilioni 2.8 zinazoweza kuvunwa.

Uzalishaji ulianza mwaka 1963, na katika miaka michache nyumba nyingi za Uholanzi ziliacha kutumia makaa ya mawe. Kilele kilifikiwa mwaka 1976, ilipovunwa karibu bilioni 88 kwa mwaka mmoja.

Utajiri huo ulikuwa na kasoro zake. Fedha za kigeni zilipofurika, sarafu ilipanda thamani na viwanda vingine vikashindwa kuuza bidhaa nje. Mwaka 1977 jarida la The Economist la Uingereza liliita hali hiyo “ugonjwa wa Kiholanzi”, jina ambalo wachumi wanalitumia hadi leo, hata katika mijadala ya nchi za Afrika zenye mafuta na gesi.

Lakini madhara makubwa yalikuwa chini ya ardhi. Gesi inapotolewa, msukumo ndani ya mwamba hupungua, mwamba hushindiliwa, na nyufa za kale hutelezeka ghafla. Tetemeko la kwanza katika hodhi hilo lilirekodiwa mwaka 1991. Kwa kuwa matetemeko hayo hutokea karibu na uso wa ardhi, hata yenye kipimo kidogo hupasua kuta.

Agosti 16, 2012, kijiji cha Huizinge kilitikiswa kwa kipimo cha 3.6, kikubwa kuliko vyote huko. Januari 2013 mamlaka ya usimamizi wa migodi iliishauri serikali ipunguze uzalishaji haraka iwezekanavyo. Cha kushangaza, mwaka huohuo ulipanda hadi karibu bilioni 54. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa nani alikuwa akisikilizwa.

Baada ya tetemeko la Zeerijp, Januari 2018, serikali iliamua hodhi lifungwe. Kazi haikuwa rahisi, maana gesi ya Groningen ina naitrojeni nyingi na majiko ya nchi nzima yalitengenezwa kwa ajili yake. Gesi ya kutoka nje ililazimu kuchanganywa na naitrojeni kwanza.

Februari 2023 tume ya uchunguzi ya Bunge ilieleza kuwa maslahi ya wakazi yalipuuzwa kwa miongo kadhaa, ilhali Hazina ilikuwa imevuna zaidi ya Euro bilioni 360.

Uzalishaji ulisimamishwa Oktoba 1, 2023, licha ya uhaba wa gesi uliotokana na vita vya Ukraine, na Aprili 2024 sheria ikaufunga moja kwa moja. Mamia ya bilioni za mita za ujazo zimebaki ardhini, huku kazi ya kuimarisha nyumba za wakazi ikiwa bado haijakamilika siku sheria hiyo ilipoanza kutumika.